Krismasi Tuliyonyang'anywa Mbuzi

Wenzangu mliokulia kwenye tembe, mliolala juu ya ngozi na kuamshwa na moshi wa jiko la mama, leo nataka kusema na ninyi. Vijana nimeshawachoka. Ukiwaambia habari za enzi zetu wanakuitikia "ndiyo Bibi" huku macho yapo kwenye redio.

Kilichoniudhi ni mambo mawili yaliyotokea siku moja. Desemba iliyopita mke wa mwanangu, ninayekaa naye hapa Dodoma mjini, aliketi kwenye kigoda, akashika kiuno, akasema, "Mama, mwaka huu wageni wa Krismasi hatuwezi. Watoto bado wadogo, na kupikia watu wote hao kutaniua." Huyo ana jiko la mafuta ya taa, ana bomba la maji uani, na ana msichana wa kumsaidia kuosha vyombo. Nilinyamaza, kwa sababu mkwe hagombwi mbele ya watu. Mbele ya watu, nasema, kwa kuwa palikuwa na mzee jirani yetu aliyekuja kunijulia hali. Yeye naye akatikisa kichwa akadakia, "Watoto wa siku hizi wamelegea. Wakati wa Mjerumani kulikuwa na nidhamu. Nchi ilinyooka."

Hapo ndipo moyo uliponichemka. Mzee huyo ni wa rika langu. Alikuwapo. Amesahau, au anajisahaulisha?

Mimi nilizaliwa upande wa Kibakwe, bondeni, chini ya milima. Mama yangu aliitwa Damari. Jina hilo alipewa siku ya ubatizo, na alikuwa wa kwanza kubatizwa katika ukoo wa baba. Sisi watoto tulikuwa watatu: mimi Sechelela, niliyekuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele, mdogo wangu Yoeli, aliyekuwa bado anatembea uchi, na Loi, aliyekuwa mgongoni kwa mama muda wote hata nikadhani mgongo huo ni wake. Baba alikuwa amekamatwa pamoja na wanaume wengine kwenda kubeba mizigo ya serikali. Hatukuambiwa atarudi lini. Nidhamu hiyo.

Mnakumbuka Desemba ya kwetu ilivyokuwa. Mvua za kwanza zimenyesha, vumbi limetulia, ardhi inanukia hata unatamani kuila. Kila mtu yuko shambani anapanda uwele na mtama. Na ndiyo miezi ya njaa, maana akiba ya mwaka jana inakaribia kwisha na ya mwaka huu ingali mbegu. Krismasi ya Kigogo huangukia hapo hapo, na sikukuu haingojei mavuno. Sisi watoto tulikuwa na kazi ya kufukuza ndege, na tukichoka tulifinyanga ng'ombe wa udongo, kila mtoto na zizi lake. Yoeli alikuwa na ng'ombe wengi kuliko jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Shuleni kwa wamisheni tulijifunza kuandika kwa kidole juu ya mchanga, na upepo ukipita unaanza upya, wala hakuna aliyelalamika kwamba hana kalamu.

Mwaka huo mama aliwaalika ndugu wote wa baba waje kula kwetu siku ya Krismasi. Hilo halikuwa jambo dogo. Ndugu wa baba walikuwa bado wanafuata mila za wazee, na wengi walimtazama mama kama mtu aliyeacha ukoo akafuata wageni. Mkali wao alikuwa Shangazi Mbeleje, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akimwambia mama, "Dini yenu ni ya maneno. Mnaimba, mnafumba macho, mnarudi nyumbani na njaa. Tutakuja hiyo Krismasi yenu, tuone inaliwa au inaimbwa."

Kwa hiyo mama alikuwa na mbuzi dume mmoja, ametunzwa tangu kiangazi kwa ajili ya siku hiyo. Sisi ndio tuliomlisha. Alikuwa na unga wa mtama uliosagwa tayari, umejaa chungu. Alikuwa na vyungu vikubwa viwili alivyopewa na mama yake alipoolewa.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, jumbe alifika na askari wawili. Bwana mmoja wa Kijerumani alikuwa safarini na alipiga kambi mtoni, na yeye naye alitaka kula Krismasi yake. Askari mmoja alimfungua mbuzi pale pale. Mwenzake alibeba unga na vyungu.

Mama alisema, "Huyu mbuzi ni wa wageni wangu. Nao ni wa sikukuu hiyo hiyo ya Bwana."

Askari akamwambia, "Bwana yupi? Mimi ninamjua mmoja tu, yuko mtoni. Na wewe unakuja kutwanga."

"Nina mtoto mchanga."

"Mfunge mgongoni."

Jumbe alitazama chini. Alikuwa anakula nyumbani kwetu miaka yote, na hakumtetea mama hata kwa neno moja. Wanawake wote wenye nguvu walipelekwa, pamoja na Shangazi Mbeleje na bangili zake. Walitwanga na kusaga kutwa nzima juani kwa ajili ya askari na wapagazi, wala hawakupewa hata maji. Mimi nilibaki na Yoeli, aliyelia akimwita mbuzi mpaka akalala.

Jua lilipokuwa linazama walirudi. Viganja vya mama vilikuwa vimechubuka, na Loi alikuwa amekauka midomo. Shangazi aliketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu. Nilidhani atamcheka mama. Alisema tu, "Kesho mapema tuma mtoto akawaambie watu wasije. Hakuna atakayekulaumu."

Mama alikuwa ananyonyesha. Alijibu pole pole, "Waje. Waliokwisha kualikwa hawafukuzwi mlangoni. Watakula kilichopo."

"Kilichopo ni nini?"

"Tutakiona kukikucha."

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaosema kupika Krismasi ni kazi ya kuua mtu. Asubuhi ile nyumbani kwetu hapakuwa na unga, hapakuwa na nyama, hapakuwa na chungu ila kimoja kidogo chenye mdomo uliovunjika, ambacho askari walikikataa. Mama alitoka kanisani, akavua kitambaa chake cheupe, akatazama nyumba yake. Kwenye boriti palikuwa na vibuyu vya maziwa mgando. Askari walivinusa wakakunja pua, wakaviacha. Darini palikuwa na mabuyu yaliyowekwa tangu msimu wake. Palikuwa na karanga zilizobaki kwenye mbegu, na kunde kidogo.

Akatuita sisi watoto. "Leo wapishi ni ninyi," akasema.

Watoto wa siku hizi wanaambiwa watoke jikoni wasije wakaungua. Sisi tulipewa jiko zima. Tulipasua mabuyu kwa mawe, tukatoa ubuyu wake mweupe, tukauloweka kwenye maji, tukaukoroga kwa mikono mpaka mbegu zikaachana na unga. Yoeli alikula nusu ya kila alichokishika, mashavu yake yakawa meupe kama ya mzimu. Watoto wa wageni walipofika nao waliwekwa kwenye kazi, wakamenya karanga kwa meno pale vidole viliposhindwa. Baba mkubwa Chilewa, kaka yake baba na mrina asali, alikuja na asali kwenye kibuyu kilichofungwa kwa jani. Aliposikia yaliyotokea alimkabidhi mama kibuyu kwa mikono miwili. Mama akachanganya maziwa mgando, ubuyu na asali kwenye bakuli kubwa la mti. Kilichopikwa kwa moto siku nzima ni kunde zile tu, kwenye chungu chenye pengo, na zilitosha kila mtu konzi moja.

Alitandika ngozi nje, kivulini mwa ukuta wa tembe. Akaomba kwa Kigogo, kwa ufupi, ili wasiojua dini wasichoke. Watoto tuliambiwa tuanze sisi, maana tulikuwa wapishi. Wenzangu, nimekula pilau, nimekula keki ya harusi, nimekula hata nyama ya kwenye kopo. Sijapata kula tena kitu kilichonituliza kama uchachu ule na asali ile.

Tulikuwa katikati ya kula upepo ulipogeuka kutoka mtoni, ukaleta harufu ya nyama choma. Watu wazima wote waliisikia, wakajifanya hawakuisikia. Yoeli ndiye aliyeinua kichwa akauliza, "Mama, ni mbuzi wetu ananukia hivyo?"

Mama alimjibu, "Ndiye, mwanangu. Kula."

Haukupita muda, yule askari aliyemfungua mbuzi akatokea tena. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba kwetu kuna asali, na Bwana wake aliitaka. Baba mkubwa Chilewa alishika goti lake akalibana. Mama alifungua mdomo. Lakini aliyesimama alikuwa Shangazi Mbeleje.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Siku ile kilitoka kizima. Alinyanyua lile bakuli akamwonyesha askari. "Asali imo humu. Na mikono ya watoto imeshaingia humu, na kamasi zao. Kama Bwana wako anakula makombo ya watoto, beba umpelekee. Mwambie yametoka kwa Mbeleje."

Askari alitazama bakuli. Akatazama watu. Kisha alimchapa Shangazi kwa kiboko begani na shingoni, mbele ya watoto, siku ya Krismasi, mwanamke aliyetwanga unga wake kutwa nzima jana yake. Bakuli halikumponyoka. Alilishikilia mpaka askari akageuka akaenda zake mikono mitupu. Hapo akaliweka chini taratibu, akaketi, akamwambia mama, "Nipe kata. Sijashiba."

Mama alimpa. Tukaendelea kula, maana tusingekula ingekuwa yule askari ametunyang'anya hata hicho.

Vyungu vya mama vilirudishwa baada ya kambi kuhama, kimoja kimepasuka, kingine kinanuka mafuta ya mbuzi wetu. Alikisugua kwa majivu, akaendelea kukitumia. Baba alirudi kabla ya mavuno, amekonda na anakohoa, na alipoliona kovu la dada yake akauliza, akaambiwa, akatoka nje akakaa peke yake mpaka jua likazama. Shangazi hakubatizwa mpaka anakufa. Lakini kila Krismasi alikuwa wa kwanza kufika, na hakusema tena kwamba dini yetu ni ya maneno. Kovu la shingoni alikuwa nalo maisha yake yote, na sisi watoto tuliligusa kwa kidole tukiwa tumepakatwa.

Kwa hiyo nilimjibu yule mzee jirani. Nilimwambia, "Hiyo unayoiita nidhamu niliiona ikipita kwenye shingo ya shangazi yangu. Usiisifie mbele yangu." Alimaliza chai yake akaondoka. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali, na mimi namwitikia kwa mbali vilevile.

Kwa mkwe wangu sikusema lolote, na wageni hawakualikwa. Ile tembe ya Kibakwe ilikwisha anguka, na katika wale walioketi kwenye ngozi siku ile tumebaki mimi na Loi, naye yuko mbali na macho yamempotea. Siku hizi hakuna askari anayefungua mbuzi wa mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo, tena nashukuru kwa moyo wote. Ila naona wakati ule tulinyang'anywa tukagawana kilichosalia, na sasa hatunyang'anywi, kila mlango umefungwa kwa ndani.

Krismasi hiyo iliyopita niliketi chumbani kwangu. Wajukuu walikuwa sebuleni na redio yao. Mchana nililetewa sahani yangu, imefunikwa vizuri kwa kitambaa, wali na nyama nyingi, na soda pembeni. Nikala peke yangu. Chakula kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo.