Wasichana Wawili Kwenye Hati ya Mashuka

Siku ninayoikumbuka zaidi ya zote nilizokaa stoo, Mwanangu, ni ile niliyotia saini kupokea mashuka arobaini, aproni kumi na mbili na wasichana wawili. Umesoma sawasawa. Hati ilikuwa moja, saini moja, na mwandiko ni huu huu wangu niliokuwa nikisifiwa shuleni Sapiwi hata nikawa naringa. Chini ya orodha palikuwa na maneno yaliyochapwa tayari, kwamba vyote vimepokelewa vikiwa kamili na katika hali nzuri. Nikapiga mstari kwa rula, nikatia saini, nikaenda kunywa chai.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umeajiriwa hospitali, kitengo cha ununuzi, na kwamba utasimamia pia mambo ya watu wa usafi na wa kufua. Nimefurahi mno. Vitenge na vyombo utapewa na shangazi zako. Mimi nina hili tu la kukupa, na mwenyewe nilipewa na mtu ambaye sikumshukuru vya kutosha alipokuwa hai.

Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu tena watu binafsi kuendesha huduma za tiba. Bariadi bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na Busega ilihesabiwa upande wa Magu. Mambo yalifunguliwa kwa mpigo: wanunuzi wapya wa pamba wakaingia na malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tukiwa hatuna pa kwenda tukapata kazi ambazo wazazi wetu hawakuzijua. Mimi nilipata ya kutunza stoo katika kituo kidogo cha afya cha daktari mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa kali, nikaufunga kiunoni kwa kipande cha bendeji, na nilihakikisha kila mtu anauona.

Mashuka yetu yaliletwa na bwana mmoja aliyekuwa na karakana ya kushona njia ya kwenda ziwani. Daktari alimpenda kwa kuwa hakuchelewesha mzigo hata siku moja. Basi akamwuliza kama anaweza kututafutia na wasichana wa kufua, na yule bwana akajibu kuwa hilo ni jambo dogo. Ndivyo walivyofika Holo na Minza, nyuma ya pikapu, wamekalia marobota ya mashuka. Wote walitoka Kiloleli, kwenye nyumba za wakulima wa pamba, na kila mmoja alikuwa na miaka kumi na minane hivi. Yule bwana alinikabidhi mzigo, kisha akanipa bahasha yenye vyeti vyao vya darasa la saba. Akaniambia nivifungie, wasije wakatutoroka. Neno hilo halikunishtua. Nilivifungia kwenye kabati la dawa kali na kujisifu kwamba hata panya hatavigusa.

Nisikufiche, niliona nawatendea wema. Kwetu cheti cha mtoto hukaa kwa mkubwa. Changu mwenyewe alikuwa nacho baba mdogo, ndani ya sanduku la bati, pamoja na kadi yake ya chama cha ushirika. Nikadhani na mimi sasa ni mkubwa wa watu. Nilisahau kwamba kila nilipomwomba baba mdogo cheti changu, alinipa saa ile ile, tena akinitania kama naenda kuolewa.

Wasichana wale walifua mashuka ya wodini tangu asubuhi hadi jua linapinda. Walilala kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Hawakwenda gulioni bila ruhusa, na ruhusa yenyewe nilikuwa naitoa mimi. Minza alikuwa mcheshi, anayeweza kuiga mwendo wa kila muuguzi mpaka ukacheka ukaumwa mbavu. Holo alikuwa kimya. Alipomaliza kuanika alisimama dirishani kuwatazama wauguzi wanavyofunga vidonda.

Jumatano moja Holo akaja stoo. Alipiga goti kunisalimu kama anavyosalimiwa mtu mzima, ingawa tulipishana miaka minne tu, nami nikapokea salamu ile kwa raha zangu. Binamu yake alikuwa amemletea habari kuwa Ijumaa kuna usaili huko Magu, wanachaguliwa wasichana wa kusomea uhudumu wa afya, na kila mmoja aje na cheti chake halisi. Alikuwa anaomba chake. Nikamwendea daktari. Akasema mpaka aliyewaleta aridhie, na aliyewaleta atakuja mwisho wa mwezi. Nikarudi nikamweleza Holo kwa sauti ya upole kabisa, nikaona upole ule umetosha. Hakulia. Alirudi kwenye beseni lake, nikasikia anasugua.

Minza ndiye aliyekwenda kumwambia Mama Milembe, mkunga wetu. Mama huyu alikuwa amestaafu serikalini, mrefu, mkavu wa maneno, na hata daktari alikuwa akimwogopa kidogo. Alasiri akaingia stoo, tukasalimiana "mwadela", kisha akaniomba fomu ya mgonjwa anayeondoka kwa hiari yake. Nikachukua kalamu, nikamwuliza mgonjwa ni yupi.

"Holo," akasema.

Nikamwambia Holo si mgonjwa.

"Yule mzee wa kitanda cha sita, mguu umeoza na amekataa kukatwa. Juzi tulimfanyaje?"

"Tulimpa fomu, akaweka dole gumba, akaenda kwake."

"Yule anaweza kufa njiani, mayu, na tukamfungulia lango. Huyu mzima amezuiwa na nini?"

Badala ya kunyamaza nikajitetea. Nikasema vyeti viko salama na kwamba kila kitu kilipokelewa kwa utaratibu. Nikatoa faili nimhakikishie. Mama Milembe akavaa miwani, akasoma hati yangu polepole, kwa sauti: mashuka arobaini, aproni kumi na mbili, wasichana wawili. Akafika kwenye mstari ule wa hali nzuri, akaurudia.

"Hata majina hukuwaandikia," akasema. "Na ufunguo uko kiunoni mwako. Hauko kiunoni mwa daktari."

Mwanangu, nimewahi kuona aibu mara nyingi, maana mimi ni mtu wa kujikweza. Lakini aibu ya siku ile ilizidi zote, nikakaa juu ya katoni ya pamba. Niliogopa pia. Nyumbani wadogo zangu walikuwa wananitegemea, na nilijua nikifungua kabati lile naweza kukosa kazi. Mama Milembe hakunihimiza. Alisimama tu akisubiri, kama anavyomsubiri mama anayejifungua.

Nikafungua. Nikawaita wote wawili, nikampa kila mmoja cheti chake mkononi. Holo aliangalia jina lake kwanza, halafu akakiweka cheti ndani ya gauni. Alhamisi asubuhi Mama Milembe alimpandisha kwenye lori la pamba, dereva akiwa mpwa wake, likamshusha Lamadi apate gari la Magu. Minza akasema yeye haendi popote, kazi anaitaka, ila cheti atakaa nacho mwenyewe. Akabaki, na baadaye akapata barua yake ya ajira kama sisi wengine.

Daktari alifoka mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama. Mama Milembe akamwuliza kama na yeye ajaze fomu ya kuondoka kwa hiari. Bila mkunga kile kituo kisingefika mwezi, na daktari alilijua hilo. Akapoa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajauliza tu, kama mimi.

Wiki ile ile mimi na Mama Milembe tukaenda kuiona karakana ya yule bwana wa mashuka, tujue anao wasichana wengine na anawawekaje. Tulikuta kufuli limefungwa kwa nje, na ndani vyerehani vinanguruma. Mashuka yaliyokuwa yakishonwa mle yalikuwa yetu, yenye mstari wa bluu niliouchagua mwenyewe. Tulikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata, akaja na mgambo, mlango ukafunguliwa, na wasichana waliokuwa wakishona mle wakatoka, wakarudishiwa vyeti vyao. Tangu hapo mashuka yetu yalishonwa na mafundi wa sokoni Bariadi, barazani, ambapo kila mpita njia aliwaona.

Holo sikumwona tena kwa miaka mingi. Nilimwona siku tulipomzika Mama Milembe, amevaa sare ya muuguzi, ametoka zamu. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Wabeja, dada." Ananishukuru. Mimi niliyemfungia cheti chake pamoja na sindano za dawa kali. Nililia pale makaburini kuliko ndugu wa marehemu, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba tu. Nililia kwa kushukuru kwamba yule mama aliingia stoo Jumatano, wala si Jumamosi.

Sasa nikuambie lililo langu. Ukiletewa mtu wa kazi, mwite kando, mbali na aliyemleta, umwulize jina lake, ametoka kwa nani na ameahidiwa nini. Cheti chake kitazame, umrudishie pale pale. Hakikisha ujira wake unafika mkononi mwake, si wa mtu mwingine, na kwamba anaijua njia ya kutoka na hana wa kumwomba ruhusa ya kuipita. Glovu, mashuka, sabuni, chochote unachonunua, nenda ukaone kinapotengenezwa, na kabla hujaangalia ubora wa kitambaa angalia kufuli liko upande gani wa mlango. Ukikuta liko nje, usirudi nyumbani kutafakari, nenda kwa mtendaji. Na usijidanganye kwa upole wako. Mimi nilikuwa mpole sana.

Utakabidhiwa funguo, Mwanangu, na utazipenda, nakujua, umenirithi. Mungu akupe moyo mwepesi wa kufungua. Akuletee Mama Milembe wako mapema, na akujalie kumsikia. Na watu watakaofanya kazi chini yako, siku wakitaka kwenda, waje kukuaga kwa jina lako, uwaage kwa majina yao, na vyeti vyao viwe mfukoni mwao.