Wajane wa Lerdo Wavuliwa Mikanda

Siku za kazi Eduviges Zapién alishona suruali katika kiwanda kimoja cha Gómez Palacio, na Jumapili alasiri alipiga watu. Ndivyo alivyowajibu majirani waliomwuliza kwa nini anachechemea. Mwenzake wa ulingoni, Obdulia Carmona, alikaanga gordita, vimkate vinene vya mahindi, mbele ya kituo cha mabasi cha Lerdo, mji wa jirani. Alikuwa mnene, ana mabega ya mpagazi na mdomo usiojua kutulia. Walipanda ulingoni wamejitanda shela nyeusi, wakaitwa Wajane wa Lerdo, ingawa mume wa Obdulia alikuwa hai kabisa, huko Ciudad Juárez na mwanamke mwingine.

Enzi hizo wanawake walikuwa wamekatazwa kupigana mieleka katika mji mkuu wa Meksiko, kwa hiyo waliotaka kazi hiyo walizunguka mikoani, kwenye kumbi za mabati na viwanja vya michezo ya ng'ombe. Don Eleuterio, mwenye ukumbi pale Gómez Palacio, ndiye aliyeanzisha ubingwa wa jozi wa wanawake. Aliuanzisha kivivu: alichukua mkanda mmoja wa zamani wa wanaume, akaupaka rangi. Mabingwa wa kwanza, ndugu wawili kutoka Saltillo, walikuwa wakiuvaa kwa zamu. Mmoja akaolewa, mume akamkataza mieleka, na ubingwa ukalala bila mwenyewe. Wajane walipoutwaa, Obdulia aligoma kushuka ulingoni mpaka akaahidiwa mkanda wa pili. Ulitengenezwa na fundi wa matandiko ya farasi, ukatoka mzito kupita kiasi. Obdulia akauchagua huo.

Walikuwa wameushikilia ubingwa miaka kadhaa Eduviges alipogundua jambo. Walikuwa wanakula kwenye kibanda cha Obdulia. Obdulia alimmiminia mchuzi wa pilipili, mchuzi ukamwagika mezani, kando kabisa ya sahani.

"We, unamlisha nani? Meza?" Eduviges akacheka.

Obdulia hakucheka. Aliipapasa meza mpaka vidole vyake vikaloa.

"Ni kisukari," alisema. "Daktari anasema kimeshamaliza jicho la kushoto. La kulia naona kama nimevishwa gunia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Na ukimwambia Eleuterio, nitakung'oa hayo meno mawili uliyobakiwa nayo."

"Dada, utavunjika shingo."

"Shingo yangu mwenyewe. Hapa chini watu wananiambia, 'We mnene, ongeza maharage.' Kule juu wananiita bingwa. Niache."

Eduviges akamwacha. Zaidi ya hapo, akawa macho yake. Kila pembe ya ulingo waliipa jina la kilichokuwa jirani nayo, na Eduviges akawa anaelekeza kwa matusi: "Mshike huyo mbuzi, yuko upande wa bia! Kunguru wako anakimbilia mlangoni!" Watazamaji walivunjika mbavu kwa kicheko, wakidhani ni vichekesho vya Wajane. Obdulia aligeukia upande wa bia, akatanua mikono, akamnasa mtu. Ili mwenzake asikae sana ulingoni, Eduviges alibeba sehemu kubwa ya kipigo. Kiwandani alishona akiwa amebana ubavu kwa kiwiko, msimamizi akamwuliza kama mumewe anampiga.

"Sina mume," alijibu. "Nina ubingwa."

Jumapili moja ya Mei, joto limefanya mabati yalie, walikutana na wasichana wawili kutoka Monterrey. Mkubwa wao, Nereida, alikuwa na mikono kama koleo. Kila upande ulishinda raundi moja. Katika raundi ya mwisho Nereida alimlaza Eduviges kifudifudi, akamkunja mkono mgongoni. Wakati huohuo msichana wa pili aliteleza akaanguka nje ya ulingo. Obdulia alisikia kishindo, akasikia ukumbi ukilipuka, akaanza kupanda kamba.

Huo ndio ulikuwa mtindo wake: kujirusha nje, mwili mzima, amwangukie adui. Ila yule msichana alikuwa ameshatambaa akaondoka. Alisimama karibu na mlango, anajipangusa vumbi. Pale chini palibaki saruji na viti vya chuma.

"Hayupo!" Eduviges alipiga kelele. "Obdulia, hayupo!"

Watu walikuwa wanaimba "Mjane! Mjane!" na sauti yake ikamezwa. Obdulia alisimama kwenye kamba ya juu, akafungua mikono.

Mkono wa Eduviges ulikuwa unauma, lakini alishavumilia maumivu makubwa kuliko hayo. Angeweza kuendelea kuvumilia. Akaupiga ulingo kwa kiganja kilichokuwa huru, ishara ya kusalimu amri, akarudia, akarudia, mpaka refa akamwona. Kengele ikalia. Obdulia aliganda kule juu, akayumba, na refa akamdaka kiunoni.

Chumba chao cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya kreti za bia. Obdulia aliingia akipapasa ukuta.

"Nani kasalimu amri?"

"Mimi."

"Mkono umevunjika?"

Obdulia akaushika mkono ule, akaupima kuanzia vidoleni mpaka begani, polepole, mfupa kwa mfupa.

"Mzima," alisema. "Kumbe umeniuza."

"Pale chini hapakuwa na mtu, dada. Saruji tupu."

"Ubingwa ulikuwa wetu wote wawili. Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje?"

"Hukuniuliza," alirudia Obdulia, akatoka.

Don Eleuterio alimtafutia Eduviges msichana mwingine wa kupigana naye. Kwa mazoea, Eduviges akawa anamwelekeza adui alipo, hadi yule binti akamgeukia mbele ya watu: "Naona, mama! Mimi si kipofu!" Eduviges hakupanda tena ulingoni. Wasichana wa Monterrey waliondoka na mikanda, wasirudi kuitetea. Baadaye mji mkuu uliporuhusu wanawake, vijana wote walikimbilia huko. Hakuna aliyetangaza kuwa ubingwa ule umekwisha. Ukumbi ukawa ghala la matairi.

Kila Jumamosi Eduviges alikwenda Lerdo. Mwanzoni mpwa wa Obdulia, Chayo, alimzuia mlangoni. "Shangazi amelala," alisema, na huku ndani sufuria zinagongana. Mlango ulifunguliwa Obdulia alipokatwa mguu, kwa kuwa Chayo peke yake hakuweza kumwinua. Eduviges alimwinua, akamwogesha, akamchana nywele. Obdulia, sasa kipofu kabisa, alizungumzia kuku na bei ya unga. Hakumwita tena dada. Alimwita bibi, kama mteja asiyemjua.

"Unataka nikuombe radhi?" Eduviges alimwuliza siku moja.

"Lingetokea tena kesho, ungefanya vilevile?"

"Ningefanya vilevile."

"Basi usiniombe kitu. Nigeuze upande wa pili, bibi, mgongo unauma."

Obdulia alifariki mwezi wa Februari. Kanisani padri alisema marehemu alikuwa mpishi hodari na mtu wa watu. Eduviges alingoja aongeze neno, lakini padri alikuwa ameshaanza sala. Jeneza lilipoinuliwa alisogea, akaweka bega lake chini yake pamoja na wanaume.

"Hapana, mama," kijana mmoja wa ukoo alimwambia kwa upole, akimtoa. "Ni zito hili. Tuachie sisi."

Eduviges akawapisha. Akajitanda mtandio wake, akafuata nyuma pamoja na wanawake wengine.