Mkwe Aliyeuliza Ukuta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mmesoma kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la tatu kwa masista, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Nataka mjue kwa nini nyumbani kwangu mtu haruhusiwi kusema "ni hivyo kwa sababu nimesema." Nikiwasikia mnavyobishana na wazazi wenu, naona mnadhani jambo hilo mmelianzisha ninyi.

Tulikuwa Greyville, mjini Durban, Afrika Kusini, miaka ya mwisho ya tisini, ghorofani, vyumba viwili, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Tuliishi mimi, binti yangu, mume wake, na mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na miwili. Huyo mjukuu ni mtoto wa marehemu mwanangu mkubwa, na mama yake naye alishakufa. Nilitoka naye Bukavu mkono kwa mkono. Mkwe wangu huko Bukavu alifundisha filozofi kwenye sekondari. Durban alinyoa nywele kwenye veranda ya duka la simu, na mimi niliuza nyanya na vitunguu kando yake.

Sasa mjue desturi. Kwetu mkwe hamkabili mama mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula akimwelekea, na akiwa na neno analipitisha kwa mke wake. Katika vyumba viwili, desturi hiyo ni kazi. Mkwe wangu alikula amegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikitaka chumvi iliyo karibu naye, nilimwambia binti, binti akamwambia mume, mume akampa binti, na chumvi ilinifikia ugali umeshapoa. Hakuna aliyelalamika.

Pale veranda alipata njia yake. Alimfundisha mteja aliye chini ya mashine, ili nisikie mimi.

"Zamani huko Ulaya," alimwambia siku moja kijana mmoja Mrundi, "mfalme akisema, basi Mungu amesema. Mkubwa wa kanisa akisema bibi fulani ni mlozi, ni mchawi, bibi anachomwa moto. Kisha wakatokea watu wa kufikiri. Wakaanza kuuliza kitu kidogo tu: umejuaje?"

"Hawakufungwa?"

"Wengine walifungwa, wengine vitabu vyao vilichomwa. Tulia, nitakukata sikio. Lakini swali lenyewe halikuungua. Liliingia kwa mahakimu, wakaanza kutaka ushahidi. Likaingia kwa wafalme: nani alikupa ufalme, onyesha. Likaingia mashuleni, likaingia mpaka kwenye meza za watu wanaokunywa kahawa na kubishana. Hata hapa tulipo. Juzi juzi tu mtu mweusi aliambiwa asikalie benchi fulani, sababu ni ngozi. Leo iko katiba mpya, na inasema mtu wa serikali akikunyima haki yako, unaweza kumdai akuandikie sababu."

"Eish! Basi aje aniandikie kwa nini tangu jana napanga foleni ya karatasi za ukimbizi."

Wakacheka. Mimi nikaziambia nyanya zangu, kwa sauti ya kutosha: "Na hao wenye akili, si watoto wao waliokuja kwetu na viboko?"

Mashine ikanyamaza. Kisha mkwe akamwambia yule kijana, "Mama anasema kweli. Waliwauliza wafalme wao, hawakujiuliza wenyewe. Wengine waliandika kwamba sisi hatuna akili, na ushahidi hawakutafuta. Lakini swali si mali yao. Ukilishika, unaweza kuwageuzia."

Nilipanga nyanya zangu upya. Lakini nilisikia.

Baridi ikaja. Durban baridi yake si kama ya kwetu milimani, ila upepo wake unaingia kwenye mifupa. Tulikuwa na jiko la umeme, lakini maharage ya umeme hayana ladha, na umeme unaisha kabla hayajaiva. Kwa hiyo tulikuwa na mbabula, jiko letu la makaa, kama nyumbani. Mjukuu wangu ndiye aliyeliwasha. Aliliwashia kwenye korido, akangoja moshi uishe, ndipo akaliingiza sebuleni. Maharage yalichemka, sisi tukaota joto, na madirisha tuliyafunga yote. Moshi ukishaisha tuliamini ubaya wote umeisha. Yeye alikwenda kusoma bafuni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kimya. Dirisha la bafu lilikuwa limevunjika kioo na upepo ulipita, lakini hakujali.

Ndipo tukaanza kuumwa. Kichwa kinagonga, miguu inalegea. Binti yangu alianguka mlangoni. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikaa mtaa wa Overport na aliongoza chumba cha maombi. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu, na naye akatapika. Mtoto alitoka bafuni mzima, macho makavu, akauliza, "Bibi, mbona wote mmelala?"

Jumapili iliyofuata wifi alisema mbele ya wote, mtoto akiwa amesimama na sahani mkononi.

"Umeona, wifi? Sisi tunaanguka, yeye anaruka kama mbuzi."

"Ni mtoto," nikasema.

"Mtoto gani anajifungia bafuni peke yake? Anaongea na nani mule? Baba yake amekufa, mama yake amekufa, yeye mzima. Huyu ni mlozi. Nipe leo niende naye kwenye chumba cha maombi. Afunge bila maji mpaka atapike kile walichomlisha walozi wenzake."

Nilijua vyumba vya namna hiyo. Bukavu niliona mtoto wa jirani akitolewa kwenye kimoja, amebebwa ndani ya blanketi. Lakini mume wangu alipokufa, sauti ya wifi ndiyo iliyobaki kuwa sauti yake. Kumkatalia yeye ni kumkatalia marehemu. Wote wakangoja neno langu.

Ndipo sauti ikatoka ukutani.

"Shangazi amejuaje?"

Mkwe hakugeuka. Shingo yake ilikuwa na jasho.

Wifi akasimama. "Nani anasema? Ukuta? Binti, mume wako ananiuliza mimi?"

"Anauliza ukuta, shangazi," binti akasema, na hakucheka.

"Mwambie mama," mkwe akaendelea, "kama ni mtoto, tumwondoe tuone. Aende Glenwood kwa rafiki yangu, alale na binti zake. Hapa tusibadilishe kitu kingine. Shangazi mwenyewe apike."

Nikasema, "Itakuwa hivyo." Akili ilikuwa ya mkwe, lakini amri ilikuwa yangu, na bila amri angebaki anauliza ukuta mpaka leo.

Jumapili iliyofuata mtoto alikuwa Glenwood. Wifi aliwasha mbabula, akaiingiza, akafunga madirisha, akapika huku akiimba. Kabla maharage hayajaiva aliacha kuimba. Mimi kichwa kilinigonga, na yeye akakimbilia bafuni kutapika. Akarudi ameshika ukuta.

"Anatuloga kutoka Glenwood," akasema. "Ulozi hausimami kwenye taa za robot kama gari."

Mkwe akauambia ukuta, taratibu kabisa: "Akiwepo ni yeye, asipokuwepo ni yeye. Basi afanye nini ili aonekane hana hatia?"

Neno hilo ndilo lililonishika. Nikafikiria wale mabibi wa Ulaya. Wakikubali wanachomwa, wakikataa wanachomwa. Nikamtazama wifi, nikaona ana hasira tu.

Nikauliza, "Kila tulipoumwa, ni kitu gani hakikukosekana?"

"Maharage," binti akasema. "Madirisha tumefunga. Mbabula." "Mama, wakati wa joto tulipika hivyo hivyo madirisha wazi, na hatukuumwa. Na bafuni kwa mtoto upepo unapita."

Nilibeba mbabula kwa mikono yangu, na kitambaa, nikaitoa nje kwenye balkoni. Mtoto akarudi kutoka Glenwood. Jumapili ikafika, akawasha makaa huko nje, maharage yakaiva, tukala. Hakuna aliyeumwa. Wifi alikula sahani mbili, kisha akasema maombi yake yamejibiwa. Nikamwacha aseme.

Lakini kabla vyombo havijaondolewa niliwaambia wote wabaki wamekaa, wifi pia, nikasema:

"Makaa hayaingii tena ndani, hata mvua ya mawe inyeshe. Mtoto huyu atasoma mezani, si bafuni, na wakati wa kusoma meza ni yake. Yeyote atakayemwita mtu mlozi katika nyumba hii, kwanza atuambie amejuaje, na akishindwa ataosha vyombo vyote na sufuria. Na mimi nikitoa amri, niulizwe sababu kama wengine. Ila mkwe aniulize akiwa amegeukia ukuta."