Bangili Iliyowekwa Upande Mwekundu

Mtaani wanamwita Bi Mng'aro, na kazi yake ni kuvika vitu koti la fedha. Mpelekee kijiko cha shaba kilichofubaa, utaondoka na kijiko cha kwenda kujivunia nacho ukweni. Wala hakuna uganga. Ni beseni la maji ya dawa na waya mbili kutoka kwenye chaja ya betri. Kwenye waya mwekundu anatundika bamba la fedha, kwenye mweusi anatundika kijiko. Umeme ukipita, bamba linalika kidogo kidogo, fedha yake inavuka majini na kwenda kuganda kwenye kijiko. Mwekundu hutoa, mweusi hupokea. Ukizikosea waya, kitu cha mteja ndicho kinacholiwa, nawe utavuna matusi.

Ana mazoea yake pia. Kabla ya kuchovya chochote, hukikwaruza ndani kwa tupa, mikwaruzo miwili iliyokatana. Fedha ikishafunika, mikwaruzo hiyo haionekani tena.

Mama yake alipofariki aliacha neno wazi: bangili yangu ya fedha apewe binti yangu. Ilikuwa mikononi mwa kaka mtu. Ikawa leo, kesho, leo, kesho. Mwishowe akaileta, machozi yakimlengalenga. "Chukua, dada'ngu. Damu nzito kuliko maji." Bi Mng'aro akaivaa, asiivue hata anapooga.

Ilipoanza kufifia akaamua kuiongezea mng'ao kidogo. Asubuhi hiyo mama alimjaa moyoni, macho yakajaa machozi, akabana waya kinyume. Fundi mzima, jamani! Alipochungulia, bangili ilishakuwa madoadoa. Akaitoa mbio.

"Si kitu," akajipoza. "Ni fedha tupu. Ikilika nje, ndani ni fedha."

Ndani palikuwa na shaba ya njano. Na penye shaba, mikwaruzo miwili iliyokatana.

Akakumbuka siku kaka alipokuja na bangili ya shaba. "Nichovyee, dada, ni ya mama mkwe wangu. Iwe nene." Akamchovyea bure, kwa bashasha. Kaka akauliza, "Mtu anaweza kugundua?"

Naye akajigamba, "Thubutu! Hata mimi mwenyewe sigundui."

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini huyu alimshonesha na nguo yenyewe!

Akampigia simu. Kaka hakukana. "Shida zilinibana, dada, ile ya mama nikaiuza. Si uichovye tena tu? Nani atajua?"

Alikata simu, akazima chaja, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Siku hizi anaivaa hivyo hivyo, njano tupu. Wateja humtania: "Bi Mng'aro, unang'arisha vya watu, chako kimekushinda?"

"Hii ni urithi. Nimeachiwa na kaka yangu."

"Oo, pole sana. Alifariki lini?"

"Yuko hai," anajibu, na kuendelea kubana waya.