Nimeikana Filamu ya Hodan Mbele ya Mgeni

Asalaam aleykum jamani. Baba Hodan hajambo, mapacha hawajambo, wifi yangu aliyetoka Tarbaj hajambo.
Hodan binti yangu pia hajambo, ila hanisemeshi. Kosa ni langu.

Leo alituwekea ile filamu inayosifiwa kila mahali, ya watu wanaohamia sayari nyingine kwa kukosa maji.

Baba yake akasema, "Wallahi, hii ni kazi safi!"
Wifi akacheka. "Upuzi! Sisi Tarbaj kila mwaka tunangoja mvua, nani amehamia mwezini?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa.
Hodan akanigeukia. "Hooyo, mama yangu, wewe je?"

Jamani, mimi nililia pale mama anapomwacha mtoto wake. Hodan mwenyewe alinifuta machozi.

Lakini wifi ni mgeni, tena ni mkubwa kwangu. Mgeni hapingwi nyumbani kwako.
Nikasema, "Ni upuzi tu."

Hodan akaingia chumbani, akafunga mlango.

Halafu wifi akaniuliza, "Sasa kama ni upuzi, ulikuwa unalia nini?"

Mama wenzangu, mtoto anaombwaje msamaha? Mnaanza na neno gani?
Nijibuni haraka, nimesimama hapa mlangoni kwake.