Mapepe ya Alute na Nyuki wa Theodora

Niliomba mniache nipumzike, mmekataa. "Bibi, tuandikie habari za Alute." Alute mwenyewe yupo hapa Mungaa, ana mdomo, kamuulizeni! Ila najua mkimuuliza atasema alishinda. Basi naandika, na atakayeona mwandiko umepinda, apinde shingo.

Alute hajawahi kukosea tangu aote meno. Vitu ndivyo humkosea yeye. Alitangaza mbuzi wake mweusi ni tasa; mbuzi akazaa mapacha. Alute akasema, "Mbuzi huyu ni mkaidi." Ila nisimnyime haki yake: kwa kufunga kamba hana mwenzake. Kamba aliyoifunga Alute hukatwa kwa panga, haifunguliwi. Watu humwita akafunge mapaa na mazizi, na akimaliza hulizunguka fundo lake kama bwana harusi.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, alizeti yake ikatoa mapepe, maganda matupu yasiyo na kiini. Ukipepeta kwenye ungo, mavuno yanaondoka na upepo. Alute alikumbuka kwamba maua yalipochanua aliwaona nyuki wameinamia vichwa vya alizeti kama watu kwenye mtungi wa pombe. Ikamtosha.

"Wananyonya mafuta mbegu zikingali changa!"

Na nyuki wa nani? Wa Theodora, mjane wa mdogo wake, mwenye mizinga iliyotundikwa kwenye miti ya mpakani.

Msimu uliofuata, maua yalipotoka, Alute alirundika samadi kavu kuzunguka shamba akaiwasha. Nyuki wakakimbia. Mapepe yakazidi.

"Mnaona?" aliwaambia majirani. "Wamekasirika, wameongeza kunyonya!"

Msimu wa tatu akaongeza samadi, na mapepe nayo yakaongezeka. Majirani, badala ya kumcheka, wakaanza kuwasha na wao. Hatimaye Alute akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kijiji: mizinga ya Theodora ishushwe, ichomwe moto.

Theodora alimfuata nyumbani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kunipa tarehe ya kushusha?"

"Nimekuja kukuonya. Mizinga ile ndiyo shamba langu, ndugu yako hakuniachia jingine. Ukiichoma, wanangu watahamia kwenye chungu chako. Na wanakula, shemeji. Ni damu yenu, unawajua."



Mwenyekiti aliogopa kuamua, akaita mkutano na wataalamu. Wakaja wawili, alizeti ikiwa bado haijachanua. Leonidas, mtaalamu wa udongo, hata hajateremka kwenye pikipiki alishasema, "Ni rutuba." Flora, mtaalamu wa wadudu, alisema ni viwavi. Akaenda kupasua vichwa vikavu vya mwaka jana vilivyotupwa ukingoni mwa shamba, akarudi mkutanoni mikono mitupu.

"Sikuona hata dalili ya kiwavi. Nimekosea."

Mkutano mzima ukaguna. Mtaalamu gani anakosea mbele za watu? "Huyu hajasoma," Alute alinong'ona, ila kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Flora akacheka. "Babu, na wewe ukiwa umekosea, shambani tutaona nini?"

"Mimi sikosei."

"Haya. Kama unasema kweli, tutaona nini?"

Hilo Alute aliliweza. "Funika ua, nyuki asiliguse. Litajaa mbegu mpaka lipasuke!"

"Na wewe Leonidas?"

"Palipo na mbolea patajaa. Ufunike, usifunike."

"Mimi sasa nadhani nyuki ndio wanaojaza mbegu, kwa kubeba ule unga wa njano toka ua hadi ua. Kama ni hivyo, yaliyofunikwa yatatoa mapepe, mbolea iwepo isiwepo. Wote tumesikia? Asije mtu akageuza maneno siku ya kuvuna."

Shamba la Alute likagawanywa. Upande mmoja ukatiwa mbolea, mwingine ukaachwa, na pande zote mbili vichwa kadhaa vikavishwa vyandarua. Moshi ukapigwa marufuku. Alute alitoa chandarua chake mwenyewe, akalala na mbu kwa fahari. Na hakukubali mtu mwingine ashike kamba. Kila kichwa alikifunga yeye, akakizunguka, akaridhika.

Siku ya kupepeta walikuja hata wasio na shamba. Theodora alisimama nyuma, kanga ameishikilia mdomoni. Alizeti iliyoachwa wazi ikadondoka kwenye ungo kwa kishindo, ile yenye mbolea ikizidi kidogo. Iliyofunikwa, yenye mbolea na isiyo nayo, ikapeperuka kama manyoya ya kuku.

"Mbolea haikutosha," alisema Leonidas.

"Nyuki walipenya," alisema Alute.

Aliyesogea mbele ni Theodora.

"Shemeji, kamba alifunga nani?"

"Mimi."

"Basi zililegea. Uzee huo, usione aibu."

"Kamba yangu ilegee?" Alute aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Tangu lini? Nani amewahi kuona? Hapo hapiti hata sisimizi!"

Mwenyekiti akacheka mpaka akakaa chini, na mkutano wote nyuma yake. Alute aliangalia ungo, akaangalia kamba, akaona njia ni mbili: ama kamba yake ililegea, ama nyuki hawana hatia. Kati ya nyuki na fundo lake, akachagua fundo.

"Mizinga ibaki," alisema. "Moshi wangu umewatia adabu. Sasa wanafanya kazi."

Msimu huu ameuhamishia mzinga mmoja wa Theodora kwenye mti ulio katikati ya shamba lake, ati awachunge kwa karibu. Ameufunga mwenyewe. Theodora akitaka asali, itabidi aje na panga.

Sasa zamu yako, wewe unayecheka. Chagua jambo moja unalolishikilia, uwaambie watu wa nyumbani kwako, kwa sauti, ni kitu gani ukikiona utaliacha. Ukishindwa kukitaja, njoo Mungaa na jembe. Shamba langu lina magugu, na mimi sina muda, nimekuwa nawaandikia ninyi.