Oddny na Taa za Majira ya Giza

Jumatano, tarehe 4 Desemba. Theluji ya majimaji tangu asubuhi, upepo wa kusini-magharibi, na jua, kama kawaida ya mwezi huu hapa Finnsnes, kaskazini mwa Norwe, halikuchomoza kabisa.

Oddny Breivoll, ninayefanya naye kazi shule ya chekechea, alipigiwa simu na hospitali tukiwa tunawavisha watoto makoti. Baka jeusi alilotolewa kwenye shavu la mguu lilikuwa saratani ya ngozi. Imewahiwa, walimwambia, lakini kesho akatwe tena, kwa upana zaidi, ili kisibaki kitu. Alijibu ahsante kama mtu aliyetajiwa saa ya basi, akamaliza kufunga zipu ya mtoto.

Kilichomchanganya ni saratani hiyo imetoka wapi. Ana miaka ishirini na mitatu. Hajawahi kwenda Uhispania kuota jua. Kiangazi yeye ndiye anayetuhimiza tuwapake watoto mafuta ya kuzuia jua hadi nyuma ya masikio, na mwenyewe hukaa kivulini. Ila kila majira ya giza hulala kwenye kitanda cha taa, zile zenye miale kama ya jua za kuipa ngozi rangi ya kahawia, pale jirani na duka la viatu, tangu akiwa na miaka kumi na sita. Pale hapana mhudumu. Mlango hufunguka kwa kadi ya benki ya mtu mzima tu, kwani walio chini ya miaka kumi na minane hawaruhusiwi, na bibi yake ndiye aliyempa yake. Kwa Oddny lile halikuwa jua. Lilikuwa kama mafuta ya ini la samaki, dawa ya kuvukia giza. Kazini tulimtania kwamba amerudi likizo bila kupanda ndege, na wazazi wa watoto humsifu kwa afya.

Jioni nilimsindikiza kwa bibi huyo, Borghild. Njiani alikwisha kuanza kusema hatakwenda, pengine maabara wamechanganya vipimo. Bibi alilidaka wazo hilo. Akasimulia yeye na wenzake walivyokuwa wakisimamishwa shuleni utotoni mbele ya taa kubwa, wamebaki na chupi na miwani myeusi, ili wasidhoofike.

"Ni taa zilezile, mjukuu wangu. Na mimi nimegonga themanini, sina hata kipele."

"Nilimpigia tena muuguzi. Anasema wanaoanza wadogo ndio wenye hatari zaidi."

"Kwa hiyo ni taa?"

"Nilimwuliza. Kwa mtu mmoja hawezi kuapa, anasema, ila taa zinaongeza hatari, na nisirudi tena."

"Basi naye hajui."

"Anajua cha kukata, Bibi. Hayo mengine hata mimi siyajui."

Borghild akakata jibini la kahawia ambalo hakuna aliyeligusa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kwa sababu ya kadi yake. Oddny akaomba kahawa.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, bibi alimshika mkono.

"Nikikwambia usubiri kidogo, utanisikiliza?"

"Ndiyo. Kwa hiyo usiniambie."

Alhamisi, tarehe 5 Desemba. Asubuhi Oddny alipanda boti ya kwanza ya kwenda Tromsø, bado hajaelewa saratani imetoka wapi, akaingia hospitali na kuwanyooshea madaktari mguu.